Matunguu ya Maua katika Nchi ya Meru na Embu

Kila mtoto wa shule amepata kukata kitunguu na kutokwa na machozi, lakini ni wachache waliopata kukitazama sawasawa kabla ya kukitia chunguni. Kikipasuliwa toka juu hadi chini huonekana tabaka juu ya tabaka, nene na zenye maji, na katikati kabisa chipukizi changa lililojikunyata likingoja. Tabaka zile si mizizi, wala si tunda; ni majani yaliyogeuzwa kuwa ghala. Mmea umejiwekea akiba chini ya ardhi ili jua linapochoma, au baridi inapouma, uweze kufa juu na kuishi chini. Lugha yetu ililitambua jambo hili zamani, maana kitunguu ni udogo wa neno tunguu, na tunguu ni jina la kila kiungo cha namna hiyo, liwe la kuliwa au la kutazamwa tu. Wataalamu wa mimea hutofautisha tunguu lenye tabaka na lile lililo gumu lisilo tabaka, lakini kwa insha hii jina moja latosha.

Nataka kueleza habari za matunguu ya kutazamwa, hasa yale ambayo watu wa Ulaya huyapenda kwa sababu huwapa maua wakati wa baridi, na jinsi yalivyokutana na nchi iliyo chini ya Mlima Kenya, upande wa Meru na Embu, ambako baridi ya namna hiyo haipo. Huenda msomaji akadhani kuwa hii ni habari ya anasa, ya watu wenye nafasi ya kukaa barazani na kutazama bustani. Mimi sioni hivyo. Mtu akiifuata habari ya maua haya kwa uangalifu atakuta ndani yake habari za kodi, za ardhi, za mito, na za watu waliochimba mashimo bila majina yao kuandikwa popote.

Mstari wa ikweta hupita karibu sana na mji wa Meru, upande wa kusini. Kwa hiyo mwaka mzima mchana na usiku hukaribia kulingana, saa kumi na mbili kwa saa kumi na mbili. London mambo ni mengine kabisa: mwezi wa Desemba jua huonekana kwa muda wa saa nane hivi, na mwezi wa Juni saa kumi na sita na zaidi. Mimea ya huko imejifunza kuzihesabu siku hizo na kuipima baridi. Tulipi, kwa mfano, haiwezi kuchanua vema mpaka tunguu lake limekaa katika baridi kali kwa majuma 12 hadi 16. Baridi ndiyo inayoliamsha. Bila baridi, bua halirefuki, na ua hunyauka likiwa bado kati ya majani. Mtu akilileta tunguu la tulipi toka Ulaya na kulipanda Embu, huenda likachanua mara moja kwa sababu lilikwisha kupata baridi yake huko lilikotoka. Mwaka wa pili hutoa majani tu. Mwaka wa tatu hakuna kitu.

Nchi ya Meru na Embu haihesabu mwaka kwa baridi bali kwa mvua. Mvua ndefu huanza mwezi wa Machi na kwisha Mei. Mvua fupi huanza Oktoba na kwisha Desemba. Na kwa watu wa sehemu za chini, kama Mbeere na Tharaka, mvua hizo fupi ndizo za kutumainiwa zaidi. Katikati kuna vipindi viwili vya ukavu. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai ukungu hushuka toka mlimani na watu wa Embu hujifunika mablanketi, lakini udongo haupoi kiasi cha kuidanganya tulipi.

Basi je, nchi hii haina matunguu yake yenyewe? Inayo, tena mazuri. Mimea ya huku hulala kama ile ya Ulaya, ila kinachoikimbiza chini ya ardhi ni kiangazi, na kinachoiita juu ni harufu ya mvua. Nyinyoro hukaa miezi mingi bila jani hata moja. Mtu hupita juu yake asijue. Mara mvua zikikaribia, bua moja huchomoza na juu yake hufunguka ua jekundu la mviringo, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga, ambalo kwa hakika ni maua madogo mengi yaliyoshikana. Katika vichaka vya nchi ya chini kuna mmea utambaao ambao petali zake nyekundu na manjano hujikunja nyuma kama ndimi za moto. Zimbabwe wameufanya ua la taifa lao. Watoto waonywe juu yake, kwa kuwa tunguu lake lina sumu iwezayo kuua mtu mzima, na hata nyinyoro haifai kutiwa mdomoni.

Kuliko yote, kuna jamii ya gladiolo. Jina hilo limetoka katika Kilatini na maana yake ni upanga mdogo, kwa ajili ya majani yake marefu yenye ncha. Aina moja, ambayo wataalamu huiita Gladiolus dalenii, imeenea katika sehemu kubwa ya Afrika, toka kusini kabisa hadi Ethiopia na toka pwani ya mashariki hadi Senegali. Aina nyingine haipatikani ila katika milima mirefu ya Afrika ya Mashariki, na mmoja wa milima hiyo ni Mlima Kenya. Huota juu ya msitu, penye mawe na majani magumu, mahali ambapo maji huganda usiku na jua huchoma mchana, siku zote za mwaka. Maua yake ni mekundu, yameinama kama kengele ndefu, na chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, huja kuyanyonya asali.

Watu wa Meru na Embu walizijua sana akiba za chini ya ardhi, lakini akiba walizozitunza katika mashamba yao zilikuwa za chakula. Kiazi kikuu kilipandwa penye udongo mzuri chini ya mti, mashina yake yakapanda juu ya mti huo mwaka hata mwaka, na aghalabu kilikuwa mali ya wanaume. Mwenye kukitaka alichimba upande mmoja, akakata kiasi cha haja yake, akafukia. Ghala lake lilikuwa hapo hapo shambani, halikuliwa na panya wala halikuhitaji kuezekwa, na katika miezi ya njaa nyumba yenye viazi vikuu haikwenda kuomba kwa jirani. Ua la porini halikuhitaji kupandwa. Liliota lenyewe, likachuma nyuki, likapita. Mtu asiseme basi kwamba wazee hawakupenda maua. Hawakuona sababu ya kulima kile ambacho pori lilitoa bure.

Ulaya ilikuwa na fikira nyingine. Tulipi ilifika huko toka nchi ya Waturuki katika karne ya 16, na mwaka wa 1593 mtaalamu Carolus Clusius aliipanda katika bustani ya chuo kikuu cha Leiden, Uholanzi. Haukupita muda mrefu matunguu yakawa bidhaa ya kuchezewa kama kamari. Katika majira ya baridi ya mwaka 1636 kuingia 1637, watu waliuziana matunguu yaliyokuwa bado yamefukiwa, ambayo muuzaji hakuyaona na mnunuzi hakuyataka ila ayauze tena kwa faida. Mwezi wa Februari 1637, huko Haarlem, wanunuzi hawakutokea, na bei zikaanguka kwa siku chache. Walakini Waholanzi hawakuacha kilimo hicho. Walijifunza kuyalaza matunguu na kuyaamsha kwa joto na baridi za ghala, wakaweza kupata maua nyumbani wakati nje kuna theluji. Nchi yenye giza la saa kumi na sita hulitamani ua kwa namna ambayo mtu wa Meru ni vigumu kuielewa mpaka afike huko mwezi wa Januari.

Nao ndio waliokuja kuichukua gladiolo ya Afrika. Aina niliyoitaja ilipelekwa Ulaya katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na jina lake ni ukumbusho wa Cornelius Dalen, msimamizi wa bustani ya mimea ya Rotterdam. Mimea hiyo ilitoka kusini mwa Afrika, si kwetu. Katika bustani ya mtawala mmoja mdogo wa Ubelgiji, mtunza bustani aitwaye Bedinghaus aliichanganya na aina nyingine ya kusini, na mwaka wa 1841 mfanya biashara Louis van Houtte wa mji wa Ghent akautangaza mmea uliozaliwa, wenye maua makubwa kuliko ya wazazi wake. Toka hapo gladiolo za bustani zikaongezeka kwa mamia, nyeupe, manjano, za rangi ya zambarau, hata wapandaji wake wakasahau kwamba asili yake ni Afrika.

Sasa turudi mlimani. Mwaka wa 1906 Waingereza waliwashambulia watu wa Embu kwa bunduki na kuweka boma lao hapo; mwaka wa 1908 wakaweka boma la Meru, chini ya afisa E. B. Horne, ambaye watu walimwita Kangangi. Wamisionari wakafuata: Kigari katika nchi ya Embu mwaka wa 1910, Kaaga karibu na Meru mwaka wa 1912, na Chogoria, ambapo daktari Clive Irvine alianza kazi yake, mwaka wa 1922. Mahali pote Waingereza walipojenga katika milki zao, nyumba ya afisa ilipata ukumbi, ukumbi ukapata njia ya changarawe, na njia ikapata maua pande zote mbili. Mbegu na matunguu yalisafiri katika masanduku pamoja na vitabu na dawa. Yale yaliyodai baridi yalikufa, kama nilivyoeleza. Yaliyostahimili ni yale ambayo asili yake ilikuwa nchi zenye kiangazi na mvua kama zetu: yungiyungi jekundu la Amerika ya Kusini, ambalo Ulaya huwekwa dirishani wakati wa Krismasi, maua ya samawati ya Afrika ya Kusini, na gladiolo. Hivyo mmea wa Kiafrika ulirudi Afrika ukiwa na jina la mgeni na ukatunzwa kama mgeni.

Lakini ni nani aliyeutunza? Hapa historia iliyoandikwa inanyamaza, na kunyamaza kwake kunanichukiza. Tunalijua jina la Bedinghaus, aliyekuwa mtumishi tu katika bustani ya bwana wake. Majina ya watu wa Meru na Embu walioteka maji, wakachimba, wakang'oa magugu na kuyaweka matunguu juu ya rafu yakauke, hatuyajui. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na mwanamume asiyekuwa na fedha hakuwa na njia nyingi za kuipata. Moja ilikuwa kufanya kazi ya bustani katika boma au misheni. Huko aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Akamwagilia maji maua ya mtu mwingine, na huku shamba lake mwenyewe likaachwa kwa mkewe na watoto. Hata hivyo mtu huyo alijifunza. Alijua ni tunguu lipi lililiwa na fuko na lipi halikuguswa, alijua mwezi wa kuyafukua na mwezi wa kuyarudisha, na jioni, bila kumwambia mtu, huenda aliondoka na vitoto viwili vitatu vya tunguu mfukoni. Mimi naona ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote ya kueleza kwa nini maua yale yale ya maboma yaonekana leo mbele ya nyumba za mabati na kuzunguka makaburi ya wazee katika vijiji ambavyo afisa hakupata kuishi.

Kulima ua kwa ajili ya kuuza ni jambo jingine. Kwa miaka mingi mkulima Mwafrika nchini Kenya hakuruhusiwa kuchagua mazao yake. Kahawa ilikuwa ya masetla mpaka katikati ya miaka ya 1930, serikali ilipokubali kwa masharti kwamba watu wa Meru, Embu na Kisii waijaribu kwa miti michache. Ilipofika mwaka wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari, mpango wa Roger Swynnerton ulifungua mlango zaidi. Ua la kwanza kuwapa wakulima wa nyanda za juu za Meru fedha halikuwa la kutazamwa. Lilikuwa pareto, ua dogo jeupe lenye moyo wa manjano ambalo hukaushwa na kusagwa kuwa dawa ya kuua wadudu. Kilimo chake kilianza nchini mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwa muda mrefu Kenya iliongoza dunia katika zao hilo. Pareto ilifundisha wakulima somo ambalo lingewafaa baadaye: kwamba ua huharibika upesi, kwamba bei yake hupangwa mbali, na kwamba malipo yakichelewa, mkulima hawezi kula zao lake.

Biashara ya maua mabichi isingewezekana bila ndege kubwa. Uwanja wa Embakasi, Nairobi, ulifunguliwa mwaka wa 1958. Serikali ya Kenya huru ikaunda shirika la kuendeleza mazao ya bustani mwaka wa 1967. Na mwaka wa 1969 kampuni moja ya Denmark ilianza kulima maua kwa wingi, Masongaleni na Naivasha. Wazo lilikuwa jepesi. Wakati wa baridi Ulaya hailimi maua ila kwa kupasha moto nyumba za vioo kwa gharama kubwa, na nchi ya ikweta ina jua la bure Januari kama Julai. Kwa hiyo kile kilichoonekana kuwa upungufu wetu, yaani kukosa majira ya baridi, kikawa ndicho tunachowauzia wenye baridi. Leo Kenya ni ya mbele kabisa miongoni mwa nchi za nje zinazoliuzia soko la Ulaya maua.

Soko lenyewe lastahili kuelezwa, kwa sababu ni kinyume cha mnada tuujuao sisi. Mnadani kwetu bei huanza chini na kupanda, na mwenye sauti kubwa hushinda. Huko Aalsmeer, Uholanzi, kuna saa kubwa ambayo mshale wake huanzia bei ya juu na kushuka. Wanunuzi huitazama kimya. Wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anunuaye, kwa bei ile mshale uliposimama. Akibonyeza mapema, amelipa zaidi. Akichelewa, mwenzake amekwisha chukua. Kazi huenda kwa nukta chache kwa kila fungu, na siku hizi wengi hubonyeza wakiwa mbali na ukumbi. Ua lililokatwa mlimani juzi hupata bei yake hapo kabla mtu wa Timau hajanywa chai ya pili.

Timau iko upande wa kaskazini wa mlima, katika Kaunti ya Meru, mahali pa juu penye upepo mkavu. Wakati wa ukoloni ardhi hiyo ilihesabiwa katika nchi ya masetla, nao walilima ngano na kufuga kondoo, ijapokuwa Wameru hawakuacha kudai kwamba mipaka yao ilifika huko. Baada ya uhuru mashamba mengine yaligawanywa, na mengine yakabaki makubwa. Tangu miaka ya 1990 vibanda vyeupe vya plastiki vimeenea huko, na chini yake hulimwa hasa waridi, kwa sababu usiku wa baridi hulipa waridi kichwa kikubwa. Maelfu ya vijana, na wengi wao ni wanawake, wamepata kazi. Malori yenye barafu huondoka kwenda Nairobi, safari ya kilomita zaidi ya 200.

Maji ndiyo fitina. Mito ya upande huo huteremka kuelekea Ewaso Ng'iro, na huko chini, Isiolo na Samburu, wafugaji na mifugo yao huyangoja. Katika miaka kadhaa ya ukame tangu miaka ya 1980 mto huo umekauka kabisa Archers Post. Si haki kuwalaumu wakulima wa maua peke yao, maana viazi, kabichi na ngano pia hunywa, na wenye mashamba madogo ni wengi kuliko wenye makubwa. Lakini mfugaji aonaye mchanga mahali palipokuwa na maji haoni faraja katika hesabu hiyo. Wakazi wa mito walianza kukaa pamoja, wa juu na wa chini, na Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002 ikavitambua vyama vyao. Mashamba mengi yamechimba mabwawa ya kuhifadhi maji ya mvua ili yasichukue ya mto wakati wa kiangazi. Ugomvi haujaisha.

Mkulima mdogo wa nyanda za juu hawezi kununua kibanda cha plastiki, na hapo matunguu yamerudi katika habari yetu. Kuna ua jeupe la asili ya kusini mwa Afrika, lenye kitovu cheusi kama ushanga, ambalo wakulima huliita arabikamu. Halidai kibanda, halihitaji dawa nyingi, na bua lake refu hustahimili safari. Pamoja nalo hulimwa maua mengine ya kiwanjani, likiwamo lile jeupe la Meksiko lenye harufu kali usiku. Mwanzo wake ni kununua matunguu, nayo si rahisi, lakini matunguu huzaana, na baada ya misimu michache mkulima huweza kumwuzia jirani. Wakala huja na gari, huhesabu mabua, hukataa yaliyopinda, na hulipa kwa bua.

Je, mtu mwenye eka moja afanye hivyo? Wazee wengi wangetikisa kichwa. Kiazi kikuu kikikosa mnunuzi huliwa. Arabikamu ikikosa mnunuzi ni majani ya ng'ombe, na hata ng'ombe asipewe. Mwezi wa Aprili 2010 mlima wa moto wa Iceland ulitupa majivu angani, ndege za Ulaya zikazuiwa kwa siku kadhaa, na maua ya Kenya yakaoza katika maghala ya Nairobi. Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga maduka ya Ulaya, maua yalitupwa kwa malori, na makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Na kwa upande wa pili, kahawa nayo haikuwa na huruma. Wengi wa Meru na Embu waliona malipo yake yakichelewa na kupungua mpaka wengine wakaing'oa. Mtu aliyeyaona hayo hamlaumu jirani yake kwa kujaribu ua. Ninavyoona mimi, mwenye busara hulipa ua robo ya shamba lake, wala halipi zaidi hata bei ikiwa tamu namna gani, na migomba na viazi vibaki palepale.

Wanafunzi wenye bustani ya shule waweza kuyajaribu haya wenyewe bila kungoja wakala. Gladiolo ndiyo rahisi kuliko zote. Pandeni matunguu mwanzo wa mvua fupi, katika udongo usiotuamisha maji, kina cha sentimita 10 hadi 15, na nafasi ya sentimita 15 kati ya moja na jingine. Mimea ikirefuka ipewe vijiti, maana upepo huiangusha. Baada ya miezi mitatu hivi, yaani mwezi wa Januari, wakati Ulaya imo katika giza lake, maua hufunguka toka chini ya bua kwenda juu. Anayekata ua aache majani manne, kwa sababu majani hayo ndiyo yanayojaza ghala jipya. Yakigeuka manjano, kabla mvua ndefu hazijashika, fukueni. Hapo mtaona jambo la ajabu: tunguu mlilopanda limekwisha, limenyauka kama ganda, na juu yake limekaa jipya lililoshiba, na pembeni vitoto vidogo kama punje za mahindi. Mzee amejitoa wote. Ondoeni ganda, kausheni jipya kivulini kwa majuma mawili au matatu, liwekeni mahali penye hewa, nalo litalala mpaka Oktoba. Vitoto hupandwa kando na huhitaji misimu miwili au zaidi kabla ya kuchanua. Anayetaka ile ya Amerika ya Kusini, ya maua makubwa mekundu, aache shingo ya tunguu nje ya udongo, na asiimwagilie maji wakati wa kiangazi. Ikipumzika kiu yake, hujibu mvua ya kwanza kwa bua nene.

Gladiolo ya mlimani haipandwi hivyo. Ili kuiona hapana budi kupanda kwa miguu, kwa mfano kwa njia ya Chogoria, kupita mashamba ya chai, kupita msitu wa mianzi, mpaka miti inapokwisha na upepo unapoanza kukata masikio. Nchi hiyo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 Umoja wa Mataifa uliiandika miongoni mwa urithi wa dunia. Apandaye huko haruhusiwi kuchimba tunguu hata moja, na akilichimba halingefaa kitu, kwa kuwa likiteremshwa Embu hukosa usiku wa barafu uliolilea. Huota kati ya mawe, moja hapa na jingine pale, na mara nyingi chozi huwa amekwisha kufika kabla ya mpanda mlima.